Walimwita Sara

Mabel alikaa na ile karatasi wiki mbili nzima kabla ya kupata moyo wa kumwonyesha mwenyewe. Alikuwa muuguzi katika zahanati moja ya misheni nje kidogo ya mji wa Newala, na Juni ile ya mwaka tisini na nne ndiyo kwanza alikuwa ametoka masomoni Ulaya. Karatasi aliiokota huko huko, kwenye meza ya mlangoni mwa kanisa moja, katikati ya vitabu vya nyimbo. Akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake, akasafiri nayo.

Jumamosi moja asubuhi akapanda baiskeli mpaka kijijini kwa Dominika. Alimkuta uani anamenya mihogo ya makopa. Wakaulizana habari za nyumbani, za safari na za watoto. Kisha Mabel akafungua Biblia.

"Mama Agatha, nina kitu chako. Usinikasirikie mimi."

Dominika alifuta mikono kwenye kanga, akaipokea. Aliyemtambua kwanza kwenye picha iliyochapwa pale ni mwanawe, Agatha, jinsi alivyokuwa miaka miwili iliyopita, mdomo wazi, machozi yakimtiririka mpaka kidevuni. Kisha akamtambua mwanamke aliyembeba, yeye mwenyewe, kichwa wazi, nywele zimetimka, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyuma yao kibanda cha miti kimeinamia upande.

"Wameandika nini hapa chini?"

Mabel alisoma polepole, akitafsiri neno kwa neno. "Huyu ni Sara. Mume wake amekufa kwa njaa. Hana nyumba. Mtoto wake hajala kwa siku nne. Bila msaada wako, hawataiona Krismasi."

Ndani ya nyumba, Anthony, mume wa Dominika, alikuwa anapiga mluzi huku akinoa panga.

Dominika aliikumbuka siku ile vizuri kuliko alivyotaka. Alikuwa anapanda kutoka bondeni na ndoo ya maji kichwani, na anayejua jinsi uwanda ule wa Makonde ulivyokauka, na jinsi mteremko ulivyo mrefu mpaka kwenye chemchemi, hatamshangaa mtu kufika juu na vumbi. Bwana Bonifasi wa shirika la misaada alikuwa amesimama njiani na mzungu mwenye kamera. Bonifasi alikuwa mtoto wa hapo hapo Newala, mama yake aliuza maandazi sokoni, na kila mtu alifurahi alipopata kazi ya gari jeupe. "Mama Agatha," alimwambia, "ni picha tu ya kuombea tangi la maji. Hebu vua hicho kilemba. Na mtoto avue viatu." Agatha alikuwa amevaa viatu vyake vya Pasaka, kwa sababu alikuwa anakwenda kwa bibi yake. Alilia kwa ajili ya viatu. Hakulia kwa kingine chochote. Na Anthony, huyo aliyekufa kwa njaa, alikuwa amesimama nyuma ya kamera ameshika kilemba cha mkewe mkono mmoja na viatu vya mwanawe mkono wa pili.

Kilichomchoma Dominika zaidi ya maneno ni kwamba kile kilemba alikivua mwenyewe. Hakuna aliyemlazimisha. Aliambiwa tangi, akavua.

"Niache nayo," alimwambia Mabel.

*

Wakati huo mashirika yalikuwa yameota nchini kama uyoga. Soko lilikuwa limefunguliwa. Wanunuzi binafsi walikuja na malori kugombea korosho, mitumba ilijaa mpaka kwenye vigulio vya vijijini, na kila baada ya miezi michache lilipita gari jeupe lenye maandishi mapya mlangoni. La Bonifasi liliitwa Mkono wa Huruma. Tangi la shule lilikuwa limeahidiwa kwa miaka miwili. Shimo lilichimbwa, mchanga ukamwagwa, na kuku wakajifanyia mahali pa kuogea vumbi.

Kijiji kilikuwa na kikundi cha sanaa, na Dominika alikuwa mmoja wa waigizaji wake. Waliwahi kucheza mchezo wa chanjo, wa kupulizia mikorosho salfa, na ule uliowapa jina hadi Masasi, wa mnunuzi aliyekuja na mizani yenye kilema. Aliyekianzisha ni Mwalimu Zabroni, mstaafu, mtu wa Masasi kwa asili. Babu yake alibatizwa na wamisionari wa mwanzo, na Kiingereza cha Mwalimu kilikuwa kile cha shule za misheni, kimepigwa pasi. Hakuwahi kumpandishia mzungu sauti maisha yake yote.

Mwezi wa Agosti Bonifasi alikuja kwenye mazoezi na karatasi zilizopigwa taipu.

"Wageni wakubwa wanakuja," alisema. "Mama Helena mwenyewe, mkuu wa shirika, na watu wa kupiga filamu. Wanataka kuona sanaa ya jamii. Nimewaandikia mchezo."

Mwalimu Zabroni akausoma kwa sauti. Ukame unaingia. Watu wanaanguka mmoja mmoja. Mama anamlilia mtoto anayekufa. Anatokea Mgeni, anamgusa mtoto, mtoto anaamka. Mwisho wote wanapiga magoti wanaimba.

"Na mavazi?" aliuliza mtu.

"Magunia yanatosha. Magunia ya korosho hayakosekani."

Dominika ndiye aliyemjibu. "Bwana Bonifasi," alisema, "magunia sisi tunawekea korosho. Watu tunavaa nguo."

Wengine wakacheka. Bonifasi hakucheka. "Mama Agatha, mimi nawatafutia maji. Wale watu hawatoi kitu kwa mtu anayecheka. Ndivyo walivyo. Mkifanya vizuri, tangi linakwisha kabla ya masika. Mkifanya utani, viko vijiji vingine."

Alipoondoka, Kibibi ndiye aliyeanza. Kibibi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kupasua uwanja, mpiga ngoma na mchekeshaji wa kikundi, na watu walidhani angetania. Hakutania.

"Mimi bonde lile nimelishuka tangu nina miaka saba," alisema. "Magoti yangu yamekwisha. Wakitaka niyapige, nitayapiga hayo hayo yaliyobaki, mradi tangi lije. Heshima siwezi kuipikia ugali."

Hakuna mwanamke pale asiyeyajua magoti yale. Dominika naye alikuwa na maumivu yake kwenye shingo. Badala ya kubishana akatoa karatasi kifuani, akaieneza juu ya ngoma, akawaeleza maneno kama Mabel alivyomweleza.

"Anthony kafa lini?" mmoja aliuliza, na kicheko kikaanza, kisha kikafia njiani.

Kibibi aliinama akaitazama picha kwa karibu. Akaigeuza kwenye mwanga. "Ngoja. Hiki kibanda si cha mbuzi wangu?"

"Ndicho."

"Wamesema ni nyumba?"

"Wamesema hata hicho sina."

Kibibi alijiinua taratibu. Alikuwa ametukanwa mengi duniani, lakini banda la mbuzi wake, alilolijenga kwa mikono yake, kuonyeshwa huko Ulaya kama mwisho wa ubinadamu, hilo lilikuwa jipya. "Mwalimu," alisema, "nipe hizo karatasi za Bonifasi." Akazikunja nne, akaziweka chini ya mguu wa benchi lililokuwa likiyumba. "Maji bado nayataka," aliongeza. "Msije mkasema siyataki. Lakini huyu mpiga picha nitamcheza mimi."

Mwalimu Zabroni alipinga kwa upole. Alisema wageni ni wageni, na kwamba yako mambo ya kuandikiwa barua. "Tuliyaandika," Dominika alimwambia. "Wewe ndiye uliyeandika, Mwalimu, kuhusu tangi, mara tatu. Shikamoo yako wameipokea. Jibu hawajaleta." Mzee hakutoka, lakini hakukubali kuingia kwenye mchezo pia. Alisema atakaa na watazamaji.

*

Siku ya wageni, uwanja wa shule ulijaa kabla ya saa tisa alasiri. Watu walitoka mpaka Newala mjini. Wageni waliwekewa viti mbele, kwenye kivuli cha darasa: Mama Helena, mwanamke wa makamo mwenye nywele za mvi na kofia ya ukindu, vijana wawili wenye kamera begani, na Bonifasi pembeni ya mama huyo, tayari kutafsiri.

Kikundi kilipoingia, Bonifasi alisimama nusu. Hakuna gunia hata moja. Wanawake walivaa vitenge vya sikukuu na vilemba vilivyofungwa kama vya harusini. Anthony alivaa koti lake la ndoa, lililokuwa linambana mabegani.

Dominika aliingia na ndoo kichwani, anaimba wimbo wa kina mama wa kupandia mlima, na wanawake uwanjani wakaupokea bila kuambiwa. Mara Kibibi akaruka mbele yake, amevaa suruali ya mumewe na kopo la maziwa ya unga limening'inia shingoni kwa kamba.

"Simama hapo! Usicheke! Nani kakwambia ucheke?" Akalielekeza kopo kwake. "Hapana, hapana. Hiki kilemba kinapendeza mno. Vua! Mgongo upinde kidogo. Zaidi. Wewe huna njaa?"

"Nimekula sasa hivi."

"Umekula! Ulikula nini bila kuniuliza?"

Uwanja ukaanza kutikisika. Ngoma za huko tangu zamani zinamcheka mkubwa mbele ya macho yake, na watu wazima pale walijua mara moja wako kwenye ngoma ya aina gani.

"Na huyu ni nani?" Kibibi alimnyooshea kidole Anthony.

"Mume wangu."

"Anaharibu picha. Bwana, wewe umekufa. Anguka huko."

Anthony akaanguka na koti lake. Kisha akainua kichwa. "Nikifa, mikorosho nani ataipulizia?"

"Maiti haijibu!"

Watoto walikuwa wanagaagaa chini kwa kicheko. Ndipo Agatha, aliyecheza nafasi yake mwenyewe, akaingia akikimbia na kusimama karibu na mama yake. Kwenye mazoezi walikubaliana Kibibi atasema "vua viatu" na mtoto atavua huku analia. Kibibi akasema, kwa sauti ya kutisha, "Vua viatu!"

Agatha akamtazama. Akatazama miguu yake. "Sivui," alisema.

Haikuwa kwenye mchezo. Kibibi mwenyewe alisahau afanye nini na kopo lake. Mara vigelegele vikapasuka kutoka upande wa wanawake, vikazunguka mpaka upande wa wanaume. Wazee walikuwa wanapiga fimbo zao chini.

Dominika aligeuka kuwatazama wageni. Na hapo akamwona Mama Helena anafuta machozi kwa leso. Hayakuwa machozi ya kicheko. Uso wake ulikuwa umejaa huruma, ile ile ya karatasini, na Bonifasi alikuwa amemwinamia sikioni, anasema haraka haraka.

Mkono wa Dominika ukapanda juu. Ngoma ikanyamaza. Akaweka ndoo chini, akatembea mpaka kwenye viti.

"Bwana Bonifasi, umemwambia nini?"

"Endelea na mchezo, Mama Agatha."

"Nauliza, umemwambia nini?"

Bonifasi alilamba midomo. Jasho lilikuwa limemlowesha kola. "Nimemwambia mtoto anaomba chakula," alisema kwa sauti ya chini, kwa Kimakonde, kama mtu anayemwomba dada yake asimwaibishe. "Nifanye nini? Kazi yangu hii. Wakiondoka hawa, mimi naenda wapi?"

Kwa dakika moja Dominika alimwonea huruma, na huruma ile ikamtia hasira zaidi. Akageukia watazamaji. "Mwalimu Zabroni! Shikamoo. Nakuomba hapa."

Mzee alikuwa amekaa safu ya nyuma, kofia magotini. Kila mtu aligeuka kumtazama. Alikaa muda mrefu kuliko heshima inavyoruhusu, hata Dominika akadhani hatainuka. Kisha akaivaa kofia, akainuka, akaja, na alipofika mbele ya Mama Helena akaivua tena kwa mazoea. Sauti yake ilitetemeka katika sentensi ya kwanza. Katika ya pili ilipungua kutetemeka. Alitafsiri mchezo kutoka mwanzo: kilemba, mgongo, maiti, viatu, na lile neno "sivui". Halafu Dominika akampa karatasi, na Mwalimu akaisoma kwa Kiingereza chake kilichonyooka, kama anayesoma somo kanisani. Alipofika mwisho alimnyooshea mkono Anthony, aliyekuwa bado amelala kwenye vumbi, akasema jambo. Baadaye aliwaambia alisema: "Marehemu ndiye yule."

Mama Helena aliichukua karatasi. Aliitazama, akamtazama Dominika, akaitazama tena. Wale vijana walikuwa wameshusha kamera. Aliposema, alisema polepole.

"Anasema yeye hakujua," Mwalimu alitafsiri. "Anasema picha hii ndiyo iliyowafanya watu wengi watoe. Anasema walitaka kusaidia."

"Mwambie naamini," Dominika alijibu. "Mwambie maji tunayataka. Tuliyataka kabla ya picha na tunayataka sasa, magoti ya huyu mpiga picha wangu ni mashahidi. Lakini anayeshuka bondeni ni mimi. Nina mume, nina nyumba ya bati, nina shamba, na nilikula asubuhi. Shida yangu ni maji, si mengine mliyoniongezea. Kama tangi ni la Sara, mkamjengee huyo Sara mtakapomwona."

Mwalimu akatafsiri yote, hata la mwisho, bila kulipunguzia makali.

Mama Helena aliuliza swali fupi.

"Anauliza jina lako."

"Nangu," alisema Dominika, akijigonga kifuani, ile 'mimi' ya Kimakonde iliyomtoka yenyewe, "naitwa Dominika." Na mgeni alipolitamka vibaya, akamrudishia. Alimrudishia mara tatu, mbele ya watu wote, mpaka likatoka sawasawa. Kisha akarudi uwanjani, akajitwika ndoo.

"Tuliishia wapi?" aliuliza.

"Mimi nilikuwa maiti," alisema Anthony, na mchezo ukaendelea.

*

Tangi halikujengwa mwaka ule. Gari jeupe lilipita likielekea kijiji kingine, na habari zikaja kwamba huko watu walivaa magunia na kupiga magoti, na fundi amekwisha kuletwa. Mwenyekiti aliitisha mkutano, akasema shirika linaweza kurudi kama Dominika ataandika barua ya kuomba radhi.

"Kwa kosa gani?" aliuliza Dominika.

"Kosa si lazima liwepo. Ni barua tu."

"Mara ya kwanza niliambiwa ni picha tu," alisema, akakaa. Hakuandika.

Hilo halikuwa jepesi. Chemchemini wapo waliomsogezea ndoo bila salamu. Siku moja, foleni ikiwa ndefu na maji yakitoka kama uzi, mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alimwambia, "Haya, si unywe mchezo wako." Mama yule alikuwa amechoka kweli, na mtoto alikuwa na kiu ya kweli. Dominika alimpisha mbele, akabaki amesimama, macho yanamwasha. Kibibi ndiye aliyesema, kutoka nyuma ya foleni, bila mzaha, "Mimi nimecheza pamoja naye. Nami nishushieni lawama yangu." Akaja akasimama kando yake, na wakapanda mlima pamoja, wakipumzika kila kona kwa ajili ya magoti ya Kibibi.

Mwezi wa kumi ilikuja barua ya Mama Helena kwa Mwalimu Zabroni. Karatasi zile zimeondolewa kote, ilisema, na suala la tangi linasubiri uamuzi wa bodi. Bonifasi amehamishiwa kituo kingine. Dominika aliuliza bodi ni nani. Mwalimu alisema ni watu wanaokaa mezani. "Basi mwandikie," alisema Dominika, "kwamba tunasubiri tumesimama." Na safari hii Mwalimu aliandika vile vile alivyoambiwa.

Mchezo wenyewe haukusubiri bodi. Waliitwa Newala mjini, siku ya gulio. Waliitwa Lisekese. Baada ya mavuno dereva wa lori la korosho akawapakia juu ya magunia matupu mpaka Chiungutwa, ambako walicheza kwenye uwanja wa mpira, jua likiwa bado kali na watu wamesimama wakiegemea baiskeli zao.

Walikuwa wamefika pale Anthony anapoambiwa afe. Mtu mmoja mrefu, mwembamba, mwenye ndevu nyeupe, akatoka katikati ya watazamaji, akavuka mstari, akaingia uwanjani. Watu wakapiga kelele arudi. Hakurudi.

"Naitwa Isaka," alisema. "Wa hapa hapa. Wote mnanijua."

"Tunakujua, babu, tupishe!"

"Hamnijui. Mimi nimekufa." Akangoja kelele zitulie. "Mpwa wangu yuko Dar. Aliniona kwenye kalenda, ofisini kwa watu. Nimekaa mlangoni kwangu, nimeshika tama. Nilikuwa nawaza pambano la Simba na Yanga, redio ilikuwa imekwisha betri. Wameandika mzee huyu alifariki kwa njaa wiki moja baada ya kupigwa picha. Mpwa wangu alilia siku mbili, akaja na sanda kwenye basi. Akanikuta napalilia."

Hakuna aliyecheka.

"Miaka minne sijamwambia mtu," alisema. "Niliona haya. Nilidhani ni mimi peke yangu."

Kibibi alimtazama Dominika akitafuta ishara. Dominika alimsogelea yule mzee, akamwamkia kwa goti kidogo, akamshika kiwiko na kumsogeza mpaka katikati kabisa ya uwanja, pale ambapo watu wa pande zote wangeweza kumsikia.

"Anza upya, babu," alimwambia. "Polepole. Tangu walipofika mlangoni kwako."

Kisha akatoka uwanjani, akatafuta nafasi kati ya wanawake wa Chiungutwa, akakaa chini kusikiliza.